Kutoa, kuharibu, kuavya: sheria na tumbo la mwanamke, kutoka Calcutta hadi Kendwa

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo ambalo hatulisemi hadharani. Kuna kutoa mimba, ndilo la kila siku. Kuna kuharibu mimba, ambalo limeshabeba hukumu ndani yake kabla hakimu hajakaa kitini. Vijana wa bara wanaokuja kufanya kazi mahotelini huku kwetu Kendwa husema kuchoropoa, neno ambalo siye wa pwani tulilizoea kwa samaki anayeteleza mkononi. Wakenya katika magazeti yao wanaandika kuavya, neno la zamani lenye maana ya kupoteza au kutupa, ambalo Unguja ya leo mtu akilitamka basi ujue kalitoa kamusini.

Na kuna jengine, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kuharibika. Mimba imeharibika. Hapo hakuna aliyetenda. Ni kama maziwa yaliyochacha. Mwanamke akifika spitali anavuja damu usiku wa manane, hilo ndilo neno analolisema, na daktari mwenye huruma ndilo analoliandika. Historia yote ninayotaka kuizungumza hapa inakaa baina ya maneno haya mawili, kuharibu na kuharibika. Ukisema la kwanza uko mahkamani. Ukisema la pili unatiwa dripu, unapumzishwa, unarudi kwako.

Tangu Juni 2022, Mahkama Kuu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Roe ya mwaka 1973 na kulirudisha suala hili kwa majimbo, mabaraza ya kahawa huku nayo yakawa na wataalamu wa Texas na Mississippi. Sina ubaya na hilo. Lakini nilisikitika kuona watu wanaijua Texas, ambako hawajafika, na hawajui kwamba siye wenyewe tuna sheria zetu, zina historia yake, tena ni ya ajabu kuliko ya Marekani, kwa sababu zetu hatukuzitunga.

Hebu tuanze kabla ya Mwingereza. Watu wa Unguja wengi wao ni Mashafii, na masultani walikuwa Maibadhi. Vitabu vya fiqhi vilivyosomeshwa katika vyuo na misikiti ya Mji Mkongwe havikulikimbia suala la mimba. Ipo hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Mas'ud, ya siku 40 mara tatu kisha kupulizwa roho, na juu ya hadithi hiyo wanazuoni wakajenga mjadala wa karne nyingi. Baada ya siku 120 karibu wote wanakubaliana: haijuzu, isipokuwa uhai wa mama uwe hatarini. Kabla ya hapo wanatofautiana, na ndani ya madhehebu ya Shafii kwenyewe wanatofautiana. Imamu Ghazali alikuwa upande mkali. Aliruhusu azili, yaani mume kumwaga nje, lakini akasema kutoa mimba si sawa na azili, kwani pale kitu kimeshaanza kuwapo, na kosa lake linakua kadiri mimba inavyokua. Wengine wakalegeza katika siku 40 za mwanzo. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba huu ulikuwa ni mjadala wa hatua. Mimba ya wiki tano na mimba ya miezi sita hazikuwa kitu kimoja.

Sasa ajabu ni hii. Sheria ya kwanza ya Kiingereza kutufikia haikutoka Uingereza. Ilitoka India. Unguja ilipoingia mkononi mwa Waingereza, sheria zilizotumika katika mahkama zao zilikuwa zile za India, ikiwamo Sheria ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake aliiandika Macaulay huko Calcutta miaka ya 1830. Kifungu chake cha 312 kilisema anayesababisha mimba itoke, isipokuwa kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mwanamke, atafungwa hadi miaka 3. Lakini kama mtoto ameshaanza kucheza tumboni, kifungo ni hadi miaka 7.

Umeona? Kucheza kwa mtoto. Mwingereza wa zamani naye alikuwa na hatua zake, na zilikuwa hazipishani sana na zile za mashekhe. Mzee wa fiqhi pale Ukutani na karani wa Kihindi wa mahkama wangeweza kukaa wakaelewana kwamba kuna kabla na kuna baada.

Hilo likaisha miaka ya 1930. Wakoloni waliamua sheria za India hazifai tena Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa kanuni mpya za adhabu mwaka 1930, za mtindo ulioletwa kutoka Queensland, Australia, na ilipofika 1934 Unguja nayo ikapata Amri yake ya Adhabu ya ukoo huo huo. Katika vifungu vya mimba waliotunga hawakuumiza kichwa. Walichota maneno ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Hatua zikafutwa. Ukiitazama Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara mpaka leo, vifungu vya 150 hadi 152, utayakuta maneno yale yale: anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 14, mwanamke mwenyewe, miaka 7, anayetoa dawa au kifaa, miaka 3. Na kifungu cha 150 kinasema hivi hivi bila haya, kwamba kosa linatimia awe mwanamke huyo ana mimba au hana. Yaani mtu anaweza kufungwa kwa kutoa mimba ambayo haikuwapo. Mimi ni mpenzi wa hadithi za kubuni, lakini hapo sheria imenizidi.

Mlango mmoja mdogo uliachwa wazi, nao kwa Bara ni kifungu cha 230: daktari hana hatia akifanya operesheni kwa nia njema na kwa uangalifu, ili kuhifadhi maisha ya mama. Kuhifadhi maisha. Maana yake nini? Asubiri mpaka mgonjwa aanze kukata roho?

Suala hili liliulizwa London mwaka 1938. Daktari Aleck Bourne wa spitali ya St Mary's alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha mwenyewe akawaarifu polisi, wamshitaki ili sheria ijulikane. Jaji Macnaghten akawaeleza wazee wa baraza kwamba sheria haimlazimishi daktari kungoja mauti. Kama kuendelea na mimba kutamwacha mwanamke ameharibika mwili au akili, daktari anayechukua hatua anaweza kuhesabiwa kuwa anahifadhi maisha yake. Bourne akaachiwa. Ulikuwa ni ukarimu mkubwa kutoka katika maneno machache, na mwaka 1959 ukavuka bahari: Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya daktari wa Kenya aliyeitwa Mehar Singh Bansel, iliukubali msingi wa Bourne. Mahkama hiyo ndiyo iliyosikiliza pia rufaa za Tanganyika na za Unguja. Kwa hiyo hukumu ile ilikuwa na uzito Vuga kama ilivyokuwa nao Nairobi.

Nani alijua? Mawakili wachache. Mkunga wa Nungwi hakuarifiwa. Daktari wa zamu hakuarifiwa. Na hili ni jambo ambalo nimeliona likijirudia katika kila hatua ya historia hii: panapopatikana nafuu, inakaa ndani ya jalada la kesi.

Kisha ukaja uhuru, kwetu Disemba 1963, na mwezi mmoja baadaye mapinduzi. Uingereza ikabadilisha sheria yake mwaka 1967. India, iliyotupa kile kifungu cha 312, ikatunga sheria mpya mwaka 1971. Zambia, jirani yetu, ikafuata mfano wa Uingereza mwaka 1972. Waliotuachia nguo wameshavua na kuvaa nyengine, siye bado tumevaa ile ile, na tunaiita mila yetu.

Wandishi wetu walikuwa mbele ya wabunge. Mwaka huo wa 1971 ndipo Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika, riwaya ambayo ndani yake msichana aliyelelewa kwa fimbo anaishia kwenye mimba na kuitoa. Ikapigwa marufuku mashuleni. Jambo lenyewe lilikuwa likitokea mabwenini, lakini kitabu ndicho kilichofukuzwa skuli.

Zanzibar, badala ya kuilegeza kamba, ikaongeza nyengine. Mwaka 1985 ilipitishwa sheria namba 4, iliyoitwa ya kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa. Jina zuri. Ndani yake, mwanamke asiye na mume akipata mimba ametenda kosa la jinai na anaweza kwenda Chuo cha Mafunzo, ambalo ndilo jina la gereza kwetu. Mwanamme aliyempa mimba naye alikuwa na adhabu yake katika karatasi, tena kubwa zaidi. Lakini mwanamme hukana. Mwanamke anakana vipi? Ushahidi ameubeba mbele, unaonekana toka mwisho wa kichochoro.

Sasa zipange sheria hizi mbili pamoja, ile ya 1934 na ile ya 1985, umweke katikati yake msichana wa miaka 19 wa kijiji cha kaskazini, mwezi wa tatu hajaziona siku zake. Akiibakisha, kosa. Akiitoa, kosa. Njia pekee ya halali iliyobaki ni ndoa, na ndoa inamtaka mtu mwengine akubali. Ninamfahamu bibi mmoja wa huku, simtaji, aliyeniambia kuwa katika miaka ile wasichana hawakuwa wakimwogopa Mungu kwanza wala baba. Walikuwa wakimwogopa jirani atakayekwenda kwa sheha. "Tulikuwa tukifunga tumbo kwa kanga mbili, mwanangu," alisema, kisha akabadilisha mazungumzo akaniuliza bei ya dagaa. Wapo waliovushwa kwenda Tanga na Dar es Salaam kwa jamaa wakajifungue huko. Wapo waliokunywa vitu. Aliniorodheshea vitu vyenyewe bila ya kusita, kama mtu anayesoma mahitaji ya sokoni, na mimi sitaviandika hapa.

Mtu akinambia sheria ya 1985 ililinda maadili, namwuliza swali moja tu: ililinda mimba ngapi? Kwani hakuna sababu kubwa ya kumfanya mwanamke aitoe mimba kuliko kumwambia kwamba mimba yenyewe itamfunga. Waliotaka watoto wazaliwe wangekuwa wa mwanzo kuipinga.

Visiwa hivi vina historia ndefu ya kesi za namna hii, mwanamke kuingia mahkamani kama mwenye haki na kutoka kama mwenye hatia. Siti binti Saad aliimba juu ya Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akavuka bahari, na waliobaki kubeba mzigo ni wanawake waliokuwa mashahidi, walioandamwa kwa suala la pombe. Wimbo ule ulidumu kuliko jalada la kesi. Sheria ya 1985 nayo ingestahili wimbo.

Wanaharakati wa hapa, wanawake wanasheria khasa, waliipigania kwa miaka, na mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi likaifuta na kuweka nyengine, pia namba 4, ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja. Kifungo cha mwanamke kikaondoka, ikaja adhabu ya kutumikia jamii. Ni hatua, sikatai. Kufagia barabara si sawa na kulala ndani. Hata hivyo bado alikuwa akifagia yeye, mbele za watu, na tumbo lake.

Amri ya Adhabu nayo ilibadilishwa jina na kuandikwa upya, kwanza kwa Sheria ya Adhabu namba 6 ya 2004, kisha kwa namba 6 ya 2018. Kutoa mimba kukabaki kosa.

Hapa ndipo panapoingia mkataba ambao wengi hawaujui. Julai 2003, mjini Maputo, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale penye ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, au mimba inapohatarisha afya ya mama, ya mwili au ya akili, au uhai wa mama au wa kilichomo tumboni. Tanzania iliridhia mwaka 2007, bila ya kuweka pingamizi kwenye kifungu hicho. Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010, zote mbili zikasema: tumekubali, isipokuwa hapo.

Ungetegemea basi Tanzania iwe mbele. Wapi. Kwetu mkataba hauwi sheria mpaka utungiwe sheria. Na Zanzibar kuna fundo la pili. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo aliyetia saini Maputo ni Jamhuri ya Muungano. Lakini afya si ya Muungano, na sheria ya adhabu ya Zanzibar inatungwa Chukwani na Baraza la Wawakilishi. Aliyeahidi na anayetakiwa kutekeleza ni watu wawili. Mwanamke wa Kivunge amesainiwa mkataba Maputo na serikali ambayo haina mamlaka juu ya sheria itakayomfunga. Mwanafunzi yeyote wa sheria anayetafuta mada ya tasnifu, hii hapa, bure.

Kongo walifanya vyengine. Katiba yao inaipa mikataba nguvu kuliko sheria za kawaida, na Machi 2018 itifaki ya Maputo ilipochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, ikawa kitu ambacho mahakimu wa Bukavu na Goma wanaweza kukitumia.

Lakini mapambano makubwa ya mahkamani yalitokea Kenya, nchi iliyoweka pingamizi. Katiba waliyoipigia kura Agosti 2010 inasema, ibara ya 26, kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa mhudumu wa afya mwenye mafunzo aone kuna dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Viongozi wa makanisa waliipinga rasimu nzima kwa ajili ya sentensi hiyo, wakashindwa. Wizara ya afya ikatoa miongozo 2012, kisha ikaiondoa yenyewe Disemba 2013, na Februari 2014 ikakataza hata mafunzo. Mwaka huo huo msichana anayejulikana katika jalada kwa herufi JMM, mwanafunzi, alibakwa, akatolewa mimba pasipo salama, figo zake zikaharibika. Alikufa Juni 2018. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, majaji watano wa Mahkama Kuu ya Nairobi wakasema kuondolewa kwa miongozo kulikuwa kinyume cha sheria na kwamba mimba ya ubakaji inaingia katika kinga ya katiba, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Mama ndiye aliyebaki kuipokea hukumu.

Kesi ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ni ya pwani yetu. Mwaka 2019, huko Kilifi, msichana mwengine wa herufi tu, PAK, alifika kliniki na maumivu makali na damu. Tabibu akamkagua, akaona mimba imeshatoka, akamtibu kama anavyotibiwa mgonjwa. Polisi wakaingia, wakawakamata wote wawili. Tabibu alisema imeharibika, polisi wakasema imeharibiwa. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahkama Kuu ya Malindi akaifuta kesi hiyo ya jinai, akasema kwamba huduma ya kutoa mimba ni haki chini ya katiba na kwamba kuwakamata wagonjwa na matabibu ovyo ni kinyume cha sheria. Rufaa ikafuata. Waliopinga wana hoja yao, tena wameijenga juu ya ibara ile ile ya 26, inayosema maisha huanza pale mimba inapotungwa. Sitawadharau, nami katika dini yangu nimefundishwa kuwa roho si mchezo. Ila nasoma hukumu ya Malindi na ninachokiona si falsafa ya roho. Nakiona chumba, kitanda, msichana aliyelala, na askari mlangoni.

Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa 2015 ulikadiria mimba zilizotolewa mwaka 2013 kuwa 405,000, na waliotibiwa spitali kwa madhara yake kuwa 66,600. Zanzibar kiwango kilikuwa cha chini kuliko kanda zote. Wapo watakaosema ni uchamungu, wengine watasema ni usiri, na nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli katika nyumba moja. Lakini hawa 66,600 ni wale waliofika. Karibu wote, nina hakika, walipoulizwa pale mapokezi walijibu neno lile lile moja, na muuguzi aliyekuwa na kalamu mkononi ndiye aliyeamua aandike irabu gani mwishoni.